Papa sijamuona bado, ila miba naijua: uzoefu wangu wa windisefu Jambiani

Kila nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba huku Unguja nacheza windisefu, ule ubao wenye tanga, unasimama juu yake upepo unakubeba, swali ni moja tu, we huogopi papa? Mama yangu yupo Kondoa, bahari ameiona kwenye kalenda na kwenye tivii, ila papa anamjua vizuri kabisa na hatukati simu kabla hajanikumbusha. Na mimi sikuwa tofauti, siku za mwanzo shingo ilikuwa inageuka kila dakika kuangalia kama kuna pezi linakuja nyuma ya ubao. Sasa nimeshacheza misimu kadhaa ya upepo, kaskazi na kusi, papa hajanigusa wala sijamuona. Walioniumiza ni wengine kabisa na karibu wote walikuwa chini ya magoti yangu, kwenye maji ambayo hata mtoto wa darasa la pili anasimama.

Naandika kwa sababu wadada na wakaka wengi wa bara wanakuja kufanya kazi kwenye mahoteli ya pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, Michamvi, wanaona wageni wanaruka na makaiti, zile tiara kubwa zinazowavuta, na matanga yao wanatamani, wanajifunza kwa washkaji jioni baada ya kazi, na hakuna mtu anayewaambia pale chini kuna nini. Watakufundisha kuvuta tanga, watakufundisha kugeuka, chini hawasemi.

Kwanza uielewe sehemu yenyewe. Jambiani na Paje bahari kubwa iko nje ya mwamba, mbali, ule mstari mweupe wa mawimbi unaouona ukikaa ufukweni ndio huo mwamba. Ndani yake hadi ufukweni ni maji ya kina kidogo, chini kuna mchanga, sehemu nyingine majani, sehemu nyingine mawe na matumbawe, na katikati ya hayo kuna mashamba ya mwani ya kina mama. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapwa kweli kweli hadi unatembea kwa miguu mbali mno, na kwa hapa kwetu kile kikavu kinaangukia kwenye saa nne saa tano asubuhi, halafu jioni kwenye saa kumi maji yamejaa yamekuja hadi kwenye ngazi za hoteli. Wiki inayofuata ni maji mafu, hayapwi sana hayajai sana na saa zake zinageuka. Mtu wa bara hivi vitu hatuvijui, mimi nilikuwa nadhani bahari inajaa na kupwa saa zilezile kila siku, kumbe kila siku inachelewa kama dakika hamsini hivi.

Hayo maji ya kiunoni ndio yanafanya watu waseme hapa ni pazuri kwa anayejifunza, na ni kweli, ukianguka unasimama tu. Tatizo ndio hilo hilo, unasimama. Kwenye kina kirefu huna pa kukanyaga kwa hiyo ukianguka unaogelea unarudi ubaoni, hapa kila ukianguka miguu inatafuta chini yenyewe, na chini kuna wenyewe wanaishi.

Mimi kazi yangu ni mahesabu kwenye nyumba ya wageni, kutwa nipo kwenye kiti. Kuna kaka mmoja fundi wa boti alikuwa na ubao wa zamani mkubwa kama mlango, na matanga mawili, akawa ananifundisha kwa bei ya kirafiki, sh. 20,000 kwa saa nzima, wageni wanalipa mara nne mara tano ya hapo. Baadaye mgeni mmoja alikuwa anarudi kwao akaniuzia ubao wake, mlingoti, bumu (lile bomba la kushikia tanga) na tanga moja kwa laki saba, nilikopa kwenye kikoba chetu cha kazini na nikaficha nyumbani, mama angejua laki saba imeenda kwenye tanga ningekoma. Nasema haya ya pesa maksudi kwa sababu hesabu yangu yote ilikuwa kwenye ubao na tanga, viatu sikuvipangia hata shilingi. Mwalimu wangu mwenyewe alikuwa anacheza pekupeku, nyayo zake ngumu tangu utoto anakanyaga mwamba, nikaona ndio staili.

Mavazi nilikuwa navaa suruali ya kubana hadi kwenye kifundo na fulana ya mikono mirefu yenye kitambaa cha kichwani kilichoshonewa humo humo, vijana wa ufukweni wakawa wananitania buibui la kuogelea limekuja. Wacheke tu, baadaye nitasema hilo vazi lilivyonisaidia.

Wa kwanza alikuwa yule wa miba, kwa Kiingereza sea urchin. Kila mtu aliyefika pwani kamuona, mduara mweusi una miba mirefu inayochezacheza, anakaa kwenye mawe na kwenye majani, mchana anajibana kwenye mashimo na usiku anatoka kula. Siku hiyo maji yalikuwa yanapwa na sisi tukawa hatujali, fini ya chini ya ubao ikagonga jiwe, ubao ukasimama ghafla mimi nikaendelea, nikarushwa mbele nikatua kwa miguu miwili katikati ya familia nzima. Maumivu yake yanachoma halafu yanapwita, na kinachotisha zaidi ni kuona nyayo imejaa vidoa vyeusi huwezi kuvihesabu. Nikatolewa nimebebwa, ufukweni ikawa kila mtu daktari. Mmoja anasema ponda kwa chupa, mwingine mafuta ya taa, mwingine akakimbia kuleta utomvu wa papai bichi, na kuna mmoja, heshima zote kwake, alipendekeza mkojo. Nikajaribu kuchimbua kwa sindano ya kushonea na hapo ndipo nilipojiongezea kazi, ile miba ni ya chokaa, inavunjika vunjika ukiigusa, unachimba shimo kubwa unatoa punje tu, na vidoa vingine havikuwa miba hata kidogo, ni rangi yake tu imeingia kwenye ngozi.

Nilichokuja kuelezwa zahanati ni kwamba iliyojitokeza nje unaivuta taratibu kwa kibano kwa njia ile ile iliyoingilia, unaloweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika kupunguza maumivu, unaosha vizuri, na vipande vidogo vilivyozama mara nyingi mwili unavimaliza au kuvisukuma nje wenyewe kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Ila kama mwiba umeingia kwenye kiungo, kidole kinakataa kukunja au panavimba panakuwa pa moto, hapo sio pa kusubiri, daktari. Papai watu wa hapa wanaliamini na sitabishana nao, mimi lilinipoza kidogo, au labda ni kule kuhudumiwa. Kuna mwingine wa jamii hiyo hiyo, huyu hana miba mirefu, juu amejaa vitu vya rangi ya waridi na nyeupe vilivyofunguka vizuri vizuri, unatamani umuokote umpige picha. Usimguse kabisa, yale maua yake ndiyo yenye sumu.

Nikiwa nachechemea ndio nikaanza urafiki na kina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kilianza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989 hivi, kwa hiyo kuna mama ameingia kwenye haya maji tangu binti hadi sasa ana wajukuu, kila bamvua yupo humo ameinama anafunga kamba kwenye vijiti. Hakuna mtu anaijua ile chini kuliko wao, sio mwalimu wa kaiti, sio mwenye hoteli. Mmoja jirani yangu aliniona nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akaniuliza, "Mwanangu, baharini ulikwenda na viatu gani?" Nikamwambia sikuwa na viatu. Akacheka hadi akakaa. Yeye huvaa soksi mbili nzito na juu yake raba za mtumba zilizokazwa kamba, akasema yeboyebo hazifai, zinavutwa na tope zinabaki chini unarudi pekupeku.

Nikamuomba twende wote siku ya bamvua asubuhi, nikaacha ubao nyumbani. Kama kuna kitu kimoja ningemshauri mtu anayetaka kuanza huu mchezo ni hicho, kabla hujapanda ubao nenda uwanja wako ukauone ukiwa mkavu. Nilionyeshwa mawe yalipo, mashimo ya wenye miba yalipo, wapi mchanga mtupu, wapi majani. Nikaonyeshwa pia vijiti vya mashamba ambavyo maji yakijaa huvioni, na fini ikipita pale inakata kamba za mtu, kazi ya wiki imekwenda. Nilikuwa nimeshapita juu ya mashamba ya watu mara nyingi sana bila kujua na hakuna aliyenitukana, nikaona aibu. Wageni wengi bado wanafanya hivyo na mahoteli yanayowakodisha mbao hayawaambii, kina mama wananuna kimya kimya, hili linanikera hadi leo.

Siku hiyo hiyo akaniambia simama hapo hapo. Akachokoa jiwe kwa kijiti, jiwe likasogea. Samaki wa jiwe. Nilikuwa nimemkodolea macho na sikumuona, ana mauvimbe na uchafu wa majani mwilini, amejizika nusu kwenye mchanga, hakimbii hata ukimsogelea, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, samaki wengine wote wanakupisha huyu anakusubiri. Mgongoni ana miba kumi na tatu, ukimkanyaga inakuingiza sumu kwa uzito wako mwenyewe. Mama akasema kuna mvuvi wa upande wa pili alimkanyaga, mtu mzima na ndevu zake alilia hadi majirani wakatoka nje. Dawa ya kuzima hiyo sumu inatengenezwa Australia, kwa hiyo usitegemee kuikuta kwenye zahanati ya kijiji, utakachokuwa nacho ni maji ya moto na gari ya kukupeleka hospitali kubwa haraka. Kiatu cha soli nyembamba kwa wenye miba wale weusi kinaweza kusaidia kiasi tu, kwa huyu soli iwe nene ya kweli na hata hivyo usiitegemee kwa asilimia mia. Pia akanikataza kuokota konokono wa baharini wale wenye gamba zuri la umbo la koni, wanaonekana wamekufa kumbe wana kimshale cha sumu kinachotoka upande mwembamba, na baadhi yao wanaua mtu. Mimi nilikuwa ninao wawili dirishani! Walikuwa magamba matupu, lakini nilivyowaokota sikuwa najua.

Viatu nilinunua baada ya hapo, vile vya mpira vya kubana vyenye soli, nilivipata mtumba Darajani mjini sh. 45,000.

Konyeza, wale viumbe laini kama jeli wanaochoma, walikuja na kaskazi. Kuna wale wakubwa wa kawaida wa kuona, hao ukiwaona unawapisha. Wabaya kwangu ni wale wadogo wa bluu wenye kimfuko cha hewa kinachoelea juu, chini kinaburuta nyuzi ndefu za bluu ambazo kwenye maji hazionekani. Hawaogelei, wanasukumwa na upepo, kwa hiyo upepo ukivuma kuja pwani siku nyingi mfululizo ndio wanajaa, na huo upepo ndio huohuo sisi tunaoufurahia. Siku unayoamka unaona upepo safi, kabla ya kufunga tanga tembea kwanza kwenye mstari wa majani yaliyoletwa na maji, ukikuta vimfuko vya bluu vimekauka ufukweni basi na humo ndani wamo. Na waliokauka pia usiwakanyage, bado wanachoma.

Mimi nilianguka, nikajitokeza juu na uzi umenizunguka mkono, umepita shingoni. Maumivu ya papo hapo, mstari mwekundu, halafu kifua kinabana kwa woga, sijui kama ilikuwa sumu au hofu, nadhani hofu kwa sababu nilipotulia kilipotea. Ile nguo yangu waliyoicheka ndiyo iliyoniokoa, mwili mzima uzi uligusa kitambaa tu, uliochoma ni kiganja na shingo. Toka siku hiyo vijana wawili waliokuwa wananitania wakanunua fulana za mikono mirefu, hawakusema kitu na mimi sikusema.

Hapo usisugue, usipake mchanga, usioshe kwa maji ya bomba maana maji baridi yasiyo na chumvi yanaweza kufanya vile vichomeo vilivyobaki kwenye ngozi vifyatuke. Osha kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kibano au kwa kitu, sio kwa vidole vitupu, halafu maji ya moto ya kuvumilika dakika ishirini hivi. Watu wanapenda sana siki, siki inashauriwa kwa konyeza wa aina nyingine, kwa huyu wa bluu Waaustralia ambao wanaumwa na hawa kila msimu wanasema maji ya moto, na mimi maji ya moto yalinifanyia kazi. Mtu akianza kupumua kwa shida, kutapika, kuvimba uso, acha mambo ya ufukweni, mkimbize hospitali. Na ule mkojo, jamani, tuuache, haujawahi kuwa dawa ya hivi vitu.

Kuhusu papa sasa nimalizane naye. Kuna siku moja moyo ulisimama kabisa. Nilikuwa nimefika karibu na mwamba, maji ya rangi ya bluu kali, nikaona mapezi mawili yanakatiza ubavuni, yanakuja juu yanazama, yanaenda sambamba. Nikaganda, tanga likaniponyoka, nikaanguka. Nikapanda ubao kwa spidi ambayo sikujua ninayo, nikalala kifudifudi miguu nimekunja. Lilipopita karibu nikaona ni taa, yule samaki bapa mwenye mabawa na mkia mrefu, mkubwa mwenye madoa meupe, yale "mapezi mawili" ni ncha za mabawa yake zinatoka juu ya maji akiogelea. Alikuwa anapita zake. Papa wapo bahari ya Hindi sio siri, kule kisiwa cha Réunion mashambulizi yalizidi hadi mwaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi nje ya maji yaliyozingirwa na mwamba. Kwa hiyo simwambii mtu papa ni hadithi. Usicheze jua likiwa limezama, usitoke nje ya mwamba peke yako, usikae pale wavuvi wanapotupa matumbo ya samaki. Lakini ndani ya mwamba hofu yako iweke miguuni.

Maana aliyenilaza kabisa alikuwa taa, sio yule mkubwa, huyu mdogo tu wa mchangani. Nilishakuwa na viatu, nilishajua mawe yalipo, nilishajiona mwenyeji. Siku hiyo nilichagua kutua kwenye mchanga mtupu ule msafi, mahali ambapo hakuna jiwe hakuna miba, kwa kuwa niliamini mchanga ni salama. Kumbe taa ndio anapolala, anajifukia mchanga kidogo juu anabaki macho tu. Nikashuka ubaoni nikapiga hatua ya kawaida, nikahisi kitu laini kinajigeuza chini ya kiatu, na kabla sijanyanyua mguu nikachapwa juu ya kifundo, juu kabisa ya pale kiatu kinapoishia. Mkia wake una mwiba wenye meno meno, na ule mwiba una sumu.

Sijazaa bado lakini siku hiyo nilisema nikizaa nitakuwa na uzoefu. Maumivu yalipanda kwa muda, hayakuwa makali mwanzoni, nikajidanganya ni kidogo, nikarudi na ubao wangu nikiuburuta, nafika ufukweni natetemeka meno yanagongana na jua kali lipo juu. Damu ilikuwa inatoka. Jikoni kwetu bahati nzuri maji ya chai yalikuwa jikoni, mpishi akachanganya na ya baridi kwenye ndoo. Kitu kimoja ambacho nataka ukikumbuke, asiyeumia ndiye apime yale maji kwa mkono wake, kwa sababu mguu ulioumwa haujui tena moto ni nini, utajiunguza ukidhani unajitibu. Yawe ya moto anayoweza kuvumilia yeye mzima, kama nyuzijoto 45 hivi sio zaidi, na unayabadilisha yakipoa, unakaa humo nusu saa hadi saa na nusu. Mimi baada ya dakika kumi hivi nikaanza kuongea kama mtu. Nikiutoa mguu kwenye ndoo yanarudi, nikiurudisha yanapungua, nikaamini kweli sumu hii na joto haziivi.

Halafu nikataka kulala nikijua imeisha. Yule mpishi, kaka mtu mzima, akakataa, akasema "dada hilo shimo ni la bahari, halifungwi nyumbani". Akaita bodaboda. Kwenye kituo cha kwanza nilichofika walinisafisha juu juu wakanipa panadoli nikarudi, siku mbili baadaye mguu umevimba hadi kwenye goti, mwekundu, homa. Nikaenda hospitali mjini, wakapiga picha ya eksirei kuangalia kama kipande cha mwiba kimebaki, wakafungua, wakasafisha vizuri, sindano ya pepopunda, antibiotiki. Daktari akaniuliza swali ambalo kwenye kile kituo hakuna aliyeniuliza, kidonda umekipatia maji ya chumvi au nchi kavu? Akasema kuna vijidudu vya maji ya bahari ambavyo dawa yake sio lazima iwe ileile ya kidonda cha kawaida, kwa hiyo wewe mgonjwa ndio useme, usisubiri uulizwe. Na kidonda cha namna hii usishangae wasipokishona kukifunga kabisa, kinaachwa kipumue na kutoa uchafu.

Nauli, vipimo, dawa, siku ambazo sikwenda kazini, jumla ilipita laki tatu. Viatu vya kupanda juu ya kifundo ningenunua vitatu.

Kitu kingine nilikielewa nikiwa nimelala. Taa akikuchoma mguuni ni maumivu na kidonda, kwa kawaida mtu hafi. Steve Irwin yule Muaustralia wa vipindi vya wanyama, Septemba 2006, alichomwa kifuani, ndio maana alikufa. Kwa hiyo mwiba ukiwa umemuingia mtu kifuani, tumboni au shingoni na bado umesimama pale, usiuchomoe, uache ulivyo, hospitali moja kwa moja. Mguuni ndio mambo ya ndoo.

Kurudi kwenye maji ilichukua muda kuliko kupona. Mguu ulikuwa mzima lakini nikifika kwenye maji ya magoti nasimama, siwezi kuweka hatua. Niliwaambia watu upepo haufai. Nilichofanya mwisho ni kurudi kwa jirani yangu wa mwani nikatembea naye tena asubuhi ya kupwa, nikamuona anavyotembea, hanyanyui mguu kabisa, anaburuta kama mtu aliyevaa kandambili iliyokatika, mchanga unatimka mbele yake. Taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe, hataki ugomvi. Nikamuuliza mbona hukuniambia mara ya kwanza. "Aa, mie nilidhani wajua, mbona kila mtu hutembea hivi." Ikabidi nicheke.

Ila kuburuta kunasaidia kwa taa, kwa samaki wa jiwe hakumtikisi, huyo hatoki. Kwa hiyo dawa kubwa niliyoipata ni kutoshuka. Mwanafunzi anashuka kwenye ubao kila dakika, amechoka anashuka, anataka kugeuza tanga anashuka, anaongea na mwenzake anashuka. Jifunze kugeuza tanga ukiwa juu, ukichoka kaa kitako juu ya ubao miguu juu. Kuanguka utaanguka tu, basi anguka kwa mgongo, umejilaza, ukae juu juu ya maji, usiruke kwa miguu na kamwe usitangulize kichwa. Kurudi ubaoni panda kwa tumbo, usijisukume kutoka chini. Mwanzoni inachosha mikono vibaya mno, na mwalimu wangu alikuwa anasema najitesa, lakini baada ya muda nikagundua nimejifunza haraka kuliko wenzangu kwa sababu nilikuwa nalazimika kubaki juu.

Na maji, chagua saa zako. Mimi siku hizi naingia maji yakiwa yanajaa, yameshafika nusu, natoka kabla hayajaanza kupwa sana. Kwanza fini haigongi, pili nikikosea upepo ukanishinda maji yananirudisha pwani badala ya kunipeleka mwambani. Jedwali la maji kujaa na kupwa liko kwenye simu bure, lakini muulize na mvuvi, yeye atakuambia na upepo utageuka saa ngapi.

Kwenye mfuko wangu ufukweni kuna chupa ya chai ya lita mbili yenye maji ya moto, beseni la plastiki, kibano, bendeji, vidonge vya maumivu, na namba ya bodaboda anayepokea simu. Vyote havifiki elfu hamsini. Chupa ya chai watu wanadhani nimekuja kuuza kahawa.

Ukifika hapa unataka kukodi ubao, usianze kuuliza bei. Waulize chini kukoje leo, maji yanapwa saa ngapi, na mtu akichomwa maji ya moto mnayapata wapi. Wakikuangalia unavyoangaliwa ukiuliza mambo ya kichaa, shika begi lako nenda kwa jirani yao, pwani ni ndefu.